Kuzuru Nyumba za Sinema: Mwongozo kwa Mtu wa Meru na Embu

Mtu aliyekulia Unguja au Mombasa, akiulizwa habari za sinema, huanza kwa kutaja majina ya majumba, kwa kuwa huko pwani jumba la sinema lilikuwa na mahali pake katika mji sawasawa na soko na bandari. Ama mtu wa Meru au Embu, akiulizwa swali lilo hilo, aghalabu hutaja uwanja wa shule, kambi ya chifu, au kibanda cha mabati nyuma ya soko, na akishataja mahali humtaja mtu, yule aliyesimama kando ya picha akawaeleza wenziwe kinachotendeka. Tofauti hiyo haina aibu ndani yake, wala haimnyimi mtu wa mlimani haki ya kujiita mpenda sinema. Bali yamlazimu, akitaka kuzuru nyumba za sinema kwa faida, aanze ziara yake pale ambapo sinema ilimkuta, kisha ateremke polepole kuelekea Nairobi, na akijaaliwa nafasi, hata pwani.

Sinema ilipanda mlimani kwa gari. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, baina ya 1935 na 1937, kulikuwako Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio lililogharimiwa na Shirika la Carnegie la Marekani, ambalo chini ya Meja L. A. Notcutt lilitengeneza filamu fupi kwa ajili ya Waafrika juu ya safura, kahawa, akiba ya posta na mambo kama hayo, kisha likazitembeza kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, sauti ikitolewa katika sahani za santuri ili lugha ipate kubadilishwa kwa kadiri ya mahali. Vita vilipozuka mwaka wa 1939 Uingereza ikaunda idara maalumu ya filamu za makoloni, magari ya sinema yakazidi, na katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960, serikali iliyatumia magari hayo katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru ili kueneza hoja zake dhidi ya wapiganaji wa msituni. Mzuru wa leo hana budi kuyajua haya, kwa sababu uwanja anaposimama haukuwa wakati wote uwanja wa furaha: walikuwako walioitazama picha ile kwa kupenda, na walikuwako walioitazama kwa kuwa wameamriwa.

William Sellers, aliyeisimamia kazi ya idara ile kwa miaka mingi, alishikilia kwamba mtazamaji wa kijijini hawezi kuifuata picha iendayo mbio, na kwamba filamu yake sharti iwe nyepesi, ya polepole, isiyokatwakatwa. Nadharia hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa ni kiburi kilichovikwa joho la elimu. Watu wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, ruhusa ambayo wenzao wengi walinyimwa kwa muda mrefu. Na mkulima anayejua kuupogoa mti, kuupiga dawa na kuhesabu kilo zake mizanini hahitaji kuhurumiwa anapotazama picha ya mti huo huo. Alichokihitaji ni lugha tu, na lugha hiyo aliipata kwa mtu. Palikuwa na mfasiri mwenye kipaza sauti, amesimama karibu na gari, akiyageuza maneno ya filamu kuwa Kimeru, Kiembu, Kimbeere au Kiswahili, na hakuishia kutafsiri: alitia neno lake, alimwonya mwizi wa kwenye picha, alimsifu mkulima hodari kwa jina la mkulima wa jirani, na watu wakacheka kwa alichokisema yeye kuliko walivyocheka kwa kilichotendwa na picha. Huyo ndiye chimbuko la sinema ya mlimani, na atakayeuzuru mlima bila ya kumtafuta mrithi wake atakuwa ameona kitambaa cheupe tu.

Baada ya Uhuru magari ya Wizara ya Habari yaliendelea na kazi hiyo, yakionyesha ziara za Rais na mafunzo ya kilimo na afya. Wakaja wafanyabiashara wa sabuni na bidhaa za nyumbani, ambao waliitia filamu ya kuchekesha au ya kupigana baina ya matangazo yao. Na makanisa nayo yakaingia, hususa kwa ile filamu ya Yesu ya mwaka wa 1979, ambayo imetafsiriwa katika lugha nyingi kuliko filamu nyingine yoyote duniani. Maonyesho ya uwanjani hayajatoweka kabisa. Aghalabu hutangazwa kanisani au shuleni, au kwa gari lenye vipaza sauti lipitalo sokoni mchana wa siku ya soko, kwa hiyo anayetaka kuyahudhuria na aulize huko kwanza, asingojee tangazo la gazeti.

Ukienda, chukua sweta zito hata kama mchana ulikuwa wa jua, maana baridi ya mlima, hasa baina ya Juni na Agosti, huja upesi jua linapozama, na ukungu ukishuka picha hufifia. Chagua usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu mwezi mpevu huimeza nuru ya projekta. Beba kigoda au gunia la kukalia. Usikae karibu na kipaza sauti, ukaja kurudi nyumbani na masikio yenye mvumo. Kaa nyuma kidogo ya projekta na upande wa anayesimulia, upate kuona picha na kumwona yeye. Watoto watakwenda upande wa pili wa kitambaa, ambako picha huonekana kinyume, na maandishi huenda kulia kwenda kushoto. Waache, maana furaha yao huko haina madhara kwa mtu, na mtu mzima naye akijaribu mara moja hatajuta.

Kituo cha pili ni kibanda cha video. Vibanda hivi vilienea baada ya mashine za kanda kufika nchini katika miaka ya 1980, na mpaka leo, ingawa kanda zimekwisha na simu zimeingia mkononi mwa kila kijana, utavikuta katika miji ya soko ya pande zote mbili, Maua, Meru, Chuka, Runyenjes, Embu na Siakago: chumba cha mbao au mabati, mabenchi marefu, televisheni au projekta ndogo, pazia zito mlangoni, na ubao wa chaki nje unaotaja filamu na saa zake. Kiingilio ni kidogo, nacho hulipwa mlangoni. Mwenye kuvidharau kwa sababu ya sura yao amejinyima, kwa maana humo ndimo mfasiri wa kale alimozaliwa upya kwa jina la DJ. Mashuhuri kuliko wote katika Kenya ni DJ Afro, ambaye huisimulia filamu ya Marekani, ya China au ya India kwa Kiswahili na Sheng, akawapa wahusika majina ya kwetu, akawakutanisha na matatizo ya kwetu, na kumsukuma mbele stelingi, yaani yule shujaa ambaye kila aliyeketi benchini anajua kwamba hafi kabla ya mwisho. Kazi hii si ya Kenya peke yake: Uganda wana maveejay wao, na Tanzania walikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilivuka mipaka katika kanda, lakini kwa mtu wa mlimani, ambaye alikwisha kuzoea kusimuliwa picha tangu zama za magari ya serikali, ladha yake ina ukale usiopatikana kwingine.

Adabu za kibanda ni chache nazo zina uzito. Kuzungumza kumeruhusiwa, bali ni sehemu ya shughuli, maadamu maneno yako yanahusu picha. Kumwambia mwenzako mwisho wa filamu ambayo yeye hajaiona ni kosa lisilosameheka. Usimlalamikie msimulizi kwamba ameyaacha maneno ya asili, kwa kuwa hakuja kuyatumikia maneno hayo. Sikiliza jinsi anavyoujaza ukimya, namna anavyojua wapi aache mziki wa filamu useme peke yake, na namna anavyomfanya adui atishe kwa neno moja. Siku za Jumamosi na Jumapili wakati wa msimu wa kandanda ya Uingereza, filamu huondolewa na mpira hutawala, kwa hiyo mzuru wa sinema na aende siku za kazi, alasiri. Mwanamke ataona kwamba vibanda vingi vimejaa vijana wa kiume. Ni heri aende pamoja na wenzake, au wanawake kadhaa wakubaliane na mwenye kibanda awape saa yao, jambo ambalo mfanyabiashara mwenye akili halikatai, na ambalo Unguja ya zamani ililijua vema, kwa maana huko kulikuwa na maonyesho yaliyotengwa kwa wanawake pekee.

Jambo moja zaidi sharti lisemwe bila ya kuficha. Kibanda kinachoingiza watoto saa za masomo, au kinachoonyesha mbele yao filamu za watu wazima, hakistahili shilingi yako. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Nchini huziwekea filamu alama: GE ni ya watu wote, PG humtaka mzazi awe mwangalizi, 16 na 18 ni umri ambao chini yake mtu haruhusiwi. Alama hizo zinahusu kibanda cha Runyenjes kama zinavyohusu jumba la Nairobi, na kibanda nacho hutakiwa kuwa na leseni. Uliza, tena uliza kwa heshima. Mwenye kufanya kazi yake kwa haki hufurahi kuulizwa.

Kabla ya kuondoka mlimani, mwenye uwezo na apitie Hifadhi ya Taifa ya Meru. Haina jumba la sinema wala kitambaa, lakini ni mahali pa filamu kuliko majumba mengi. Kitabu cha Joy Adamson juu ya simba jike Elsa, Born Free, kilitoka 1960. Elsa mwenyewe alikufa Januari 1961 akazikwa karibu na mto Ura, ndani ya eneo ambalo sasa ni la hifadhi. Na filamu ya jina hilo, iliyoongozwa na James Hill na kuchezwa na Virginia McKenna na Bill Travers, ikatoka 1966, ikapata Tuzo mbili za Oscar, zote kwa mziki wake uliotungwa na John Barry. Wengi hudhani kwamba filamu hiyo ilipigwa Meru. Sivyo, ilipigwa upande wa pili wa mlima, karibu na Naro Moru. Kilichotukia Meru ni cha ajabu zaidi: baada ya kamera kunyamaza, George Adamson, mumewe Joy, aliwachukua baadhi ya simba waliocheza katika filamu ile, Boy, Girl na Ugas, akawaleta hapa kuwafundisha tena maisha ya porini, na Bill Travers akarudi akatengeneza filamu nyingine juu ya simba hao. Kwa hiyo wale waigizaji wanyama, ambao dunia nzima iliwaona kwenye kitambaa, waliishi kama simba katika nyika ya Meru. Naliona hili kuwa hazina ambayo watu wa Meru hawajaitumia ipasavyo.

Lango la karibu kwa atokaye Meru ni Murera, kwa njia ya Maua. Kiingilio hulipwa kwa njia ya mtandao, wala fedha taslimu hazipokewi langoni, basi tayarisha malipo kabla ya safari. Kaburi la Elsa liko mbali na lango, upande wa kusini, na njia zake hazifai wakati wa masika wala wa vuli kwa gari lisilo na nguvu. Nenda Januari, Februari, au baina ya Julai na Septemba, na uchukue mlinzi wa hifadhi akuongoze. Itazame filamu nyumbani kwanza. Mtu aliyefika kaburini bila ya kuiona filamu huona rundo la mawe na kibao, ilhali aliyeiona hupata mengi ya kufikiri, na miongoni mwa hayo ni hili, kwamba katika filamu nzima iliyofanywa juu ya nchi yetu watu wetu wamewekwa pembeni mwa picha.

Kwa minajili ya kuliziba pengo hilo, na kabla ya kwenda Nairobi, tazama filamu mbili za Kenya. Ya kwanza ni Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, ya 2012, ambayo shujaa wake Mwas ni kijana wa bara anayeuza filamu kijijini na kuwavuta wanunuzi kwa kuwaigizia matukio yake, kisha akateremka Nairobi kutafuta uigizaji. Ya pili ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, ambayo inamhusu mtoto mgonjwa, Jo, na kijiji kinachomtengenezea filamu. Na ndani yake yumo Mike, mwenye kuonyesha na kusimulia picha katika ukumbi wa kijiji. Katika filamu zote mbili utamwona yule yule mtu wa kando ya picha. Sijui mwongozo wowote ulio bora kuliko hizo mbili kwa mtu anayetaka kuelewa sinema ni nini katika miji yetu ya bara.

Sasa tuteremke. Kutoka Embu hadi Nairobi ni kadiri ya kilomita 130, na kutoka Meru, kwa njia ya Chuka na Embu, ni kadiri ya 230. Wengine wa Meru huzunguka kwa Nanyuki na Karatina, lakini kwa safari ya sinema njia ya Embu na Mwea ndiyo fupi. Ondoka alfajiri. Chagua onyesho la mchana au la alasiri, au fanya mpango wa kulala mjini, kwa maana onyesho la usiku huisha saa ambayo msafiri wa mbali hapaswi kuwa njiani akitafuta gari. Na siku moja kabla ya kuondoka itazame ratiba ya jumba unalolikusudia, kwa kuwa majumba ya Nairobi hufunguliwa, hufungwa na kubadilisha wenyewe, na tangu yalipofungwa yote kwa sababu ya korona mwaka wa 2020 si kila mlango uliorudi kuwa kama ulivyokuwa.

Ukishapita Thika, fumbua macho, maana Barabara ya Thika yenyewe ni kitabu cha sinema. Hapo ndipo ilipokuwapo Fox Drive-In, sinema ya wazi iliyotazamwa na watu wakiwa ndani ya motokaa zao. Hapo pia, upande wa Kasarani, pana Garden City, duka kubwa lililofunguliwa 2015, ambalo ndani yake mna kumbi za sinema za kisasa. Na kwa msafiri wa Meru au Embu asiyetaka msukosuko wa katikati ya mji, hapo ndipo mahali pepesi pa kushuka, kutazama, kula na kupanda gari la kurudi. Lakini nakusihi usiishie hapo. Endelea hadi mzunguko wa barabara uitwao Globe, ambao makondakta huutaja kila siku na abiria wengi hawajui kwamba jina hilo ni la jumba la sinema lililokuwapo pale. Hatua chache kutoka hapo, Ngara, ndiko lilikokuwa jumba la Shan, lililoonyesha filamu za Kihindi, na ambalo halikugeuzwa ghala wala duka: shirika la Sarakasi lililichukua na kulifanya jumba la wanasarakasi, wachezaji ngoma na wanamuziki, na sasa laitwa Sarakasi Dome. Katika majumba yote ya kale ya Nairobi yaliyobadilishiwa kazi, hili ndilo lililopata mrithi anayelistahili, nami ningependa kila mwanafunzi wa sanaa kutoka vyuo vya Meru na Embu aingie humo japo mara moja.

Gari litakushusha aghalabu Tea Room, Barabara ya Accra. Kutoka hapo tembea kwa miguu, mkoba ukiwa mbele ya kifua na simu ikiwa mfukoni. Kwanza fika mahali paitwapo Odeon, kwenye Latema na Tom Mboya, ambapo leo jina hilo ni la steji ya matatu. Hapo palikuwa na jumba la sinema lililojulikana sana na watu wa mapato madogo. Vuka hadi Barabara ya Moi ukaone Kenya Cinema, ambalo jina lake bado li juu ya jengo. Kisha Barabara ya Mama Ngina, penye Twentieth Century, jumba lililowekewa ile skrini kubwa mno ya IMAX. Na mwisho Barabara ya Kenyatta, ambako mwaka wa 1912 kulifunguliwa Theatre Royal, lililokuja kuitwa Cameo. Ziara nzima haizidi saa moja ya mwendo wa taratibu, nayo inakupa historia ya zaidi ya karne, tangu mji ambamo Mwafrika aliketi kwa kibali, ikiwa aliketi, hata mji ambamo kijana wa Igembe anaweza kununua tikiti kwa simu yake na kuchagua kiti akitakacho. Mwenye siku ya pili na atembelee pia Alliance Française na taasisi ya Goethe, zilizo karibu na hapo, kwa sababu huonyesha filamu za Kiafrika na za nchi nyingine ambazo majumba ya biashara hayazigusi, na mara nyingi bila ya malipo.

Ndani ya jumba, mambo ni kinyume cha kibanda. Kwenye majumba mengi ya Kenya, kabla ya filamu, hupigwa wimbo wa taifa. Inuka, simama wima, weka chini bisi zako. Tikiti ina nambari ya kiti, na mtu akikikuta kiti chake kimekaliwa ana haki ya kukudai. Vyakula vya nje huzuiwa mlangoni, basi ule ushibe kabla ya kuingia, kwani bei ya ndani ni ya juu. Simu izimwe kabisa, si kunyamazishwa tu, maana nuru yake humchoma aliye nyuma yako. Na hakuna atakayekusimulia. Aliyezoea uwanja na kibanda ataliona giza hilo kuwa la upweke katika dakika za mwanzo, atatamani mtu aseme jambo, atageuka kumtafuta. Lakini na avumilie, kwa sababu ukubwa wa picha na uzuri wa sauti ya jumba lililojengwa kwa kazi hiyo ni vitu ambavyo hakuna kibanda wala simu iwezayo kuvitoa, na filamu iliyotengenezwa kwa uangalifu hudai macho na masikio yote mawili.

Habari za pwani nitazipitia kwa haraka, kwa kuwa zinahitaji mwongozo wake. Mombasa ilikuwa na Regal, Majestic, Naaz na mengineyo, na leo mwenye kutaka ukumbi unaofanya kazi huvuka daraja kwenda Nyali. Unguja, katika mtaa wa Vuga, Royal Cinema ilijengwa 1921 kwa ramani ya John Sinclair, ikateketea kwa moto katika miaka ya 1950, na mahali pake pakainuka Majestic, iliyofunguliwa 1955; simama mbele ya uso wake ukiwa Mji Mkongwe. Tamasha la Filamu la Zanzibar, ambalo limefanyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, huonyesha filamu usiku ndani ya Ngome Kongwe, chini ya mbingu, na mtu wa Meru atakapoketi humo atajua upesi kwamba hajafika ugenini: ni uwanja, ni kitambaa, ni umati wa watu, kama alivyoziona picha zake za kwanza, ila baridi haipo.

Nina ombi kwa wenye mamlaka ya serikali za kaunti za Meru, Embu na Tharaka Nithi, na kwa wakuu wa vyuo vikuu na wa shule zenye kumbi kubwa. Kumbi za jamii zipo, projekta ni rahisi kuliko zilivyokuwa wakati wowote, na vijana wenye vipawa vya kusimulia wamejaa vibandani, wakilipwa kidogo na kuheshimiwa kidogo zaidi. Tengeni jioni moja ya kila mwezi. Onyesheni filamu ya Kenya au ya Afrika, kwa kibali cha wenyewe na kwa kufuata alama za Bodi. Mpeni msimulizi kipaza sauti aseme kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere, na mumlipe. Nawe msomaji, jioni hiyo itakapotangazwa, lipa kiingilio chako, mlete mama yako na watoto, na ukae mpaka jina la mwisho lipite kwenye kitambaa.